Pesa Imetoka, Haijafika

Gatini Kilwa Masoko, mgeni anayekwenda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani hufanya jambo ambalo sasa ni la kawaida kutoka Mtwara hadi Bukoba. Anatoa simu, anabofya *150*00#, anafuata menyu, anaweka namba ya siri, anasubiri. Nahodha naye anasubiri, mashine ikinguruma. Ujumbe ukiingia katika simu yake, kamba inafunguliwa na boti inaukata mlango mwembamba wa bahari kuelekea kisiwani.

Kuna siku ujumbe hauingii. Salio la abiria limepungua, simu ya nahodha iko kimya, na kwenye kioo pameandikwa kwamba kuna tatizo la kiufundi, jaribu tena baadaye. Abiria anaapa kuwa ametuma. Nahodha anaapa kuwa hajapokea. Wote wawili wanasema kweli.

Waandika programu duniani wamekuwa wakibishana kwa nusu karne juu ya nini kifanyike katika hali hiyo. Wanabishana juu ya mengine pia: lugha ipi ya kuprogramu ni bora kuliko zote, nani anajua kusaka hitilafu na nani anabahatisha. Mabishano hayo yana faida, na yeyote aliyekaa na vijana wa fani hii anajua yanavyochangamsha baraza. Lakini si yote yenye uzito sawa. Lile linalomgusa nahodha wa Kilwa ni la muamala, na ndilo linalostahili kutangulia mengine yote, darasani na kazini.

Mji uliopiga sarafu yake

Kilwa ina haki ya kuwa mahali pa kulizungumzia jambo hili. Masultani wake walipiga sarafu za shaba kwa karne kadhaa. Sarafu za Ali bin al-Hassan ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Al-Hassan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa na aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, alipiga hata za dhahabu. Sarafu ya Kilwa imeokotwa Zimbabwe Kuu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Utajiri uliozitembeza hivyo ulitokana na dhahabu ya Sofala iliyopitia mikononi mwa wafanyabiashara wa hapa, mpaka Wareno wa Francisco de Almeida walipouvamia mji mwaka 1505. Magofu yaliyobaki, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981.

Sarafu ya shaba ilikuwa na sifa ambayo pesa ya simu haina: haikuweza kuwa mahali pawili, wala haikuweza kukosa mahali. Ikitoka kiganjani mwa mnunuzi imo kiganjani mwa muuzaji, au imeanguka mchangani na mnaweza kuinama kuitafuta. Pesa ya simu ni namba zilizoandikwa katika daftari lililomo ndani ya kompyuta, mbali na Kilwa. Kumlipa nahodha shilingi 10,000 ni kupunguza namba kwenye mstari wa abiria, kisha kuongeza namba kwenye mstari wa nahodha. Na si hiyo mistari miwili tu. Upo mstari wa ada ya kampuni, na Julai 2021, serikali ilipoanzisha tozo ya miamala, uliongezeka mstari wa tozo. Kati ya andiko moja na jingine pana nafasi, fupi kuliko kufumba jicho, na ndani ya nafasi hiyo umeme unaweza kukatika.

Yote au hapana

Mtu aliyeitolea nafasi hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ni Mmarekani Jim Gray. Katika miaka ya 1970, akiwa kwenye maabara ya IBM huko San Jose, California, alishiriki kujenga System R, mojawapo ya kanzidata za mwanzo, yaani programu za kutunza madaftari ya namna hii, zilizofuata wazo la Edgar Codd la mwaka 1970 la kupanga taarifa katika majedwali. Gray na wenzake walitaka programu iweze kuiambia kanzidata hivi: haya yanayofuata ni jambo moja, yakamilike yote au lisibaki hata moja. Mwaka 1983 Theo Härder na Andreas Reuter wa Ujerumani walizikusanya sifa za muamala zikawa nne, na tangu hapo kila mwanafunzi wa kompyuta huzikariri. Muamala haugawanyiki. Hauachi taarifa zikiwa zimevunja kanuni zilizowekwa. Hauingiliwi na mwingine unaofanyika wakati huohuo. Na ukishathibitishwa haufutiki, hata seva ikizimika sekunde inayofuata.

Jinsi hayo yanavyowezekana haihitaji shahada kueleweka. Kabla kanzidata haijaigusa mistari yenyewe, huandika pembeni, katika kumbukumbu maalumu, jambo inalokusudia kufanya, na huhakikisha maandishi hayo yamekaa kwenye diski. Umeme ukikatika na seva ikawaka tena, kazi yake ya kwanza ni kuisoma kumbukumbu hiyo. Muamala ulioandikwa kuwa umethibitishwa, inaukamilisha. Usiofika hapo, inaufuta kana kwamba haukuwahi kuwapo. Abiria atakuta salio lake zima. Nahodha hatakuwa na kitu, lakini hakuna aliyedhulumiwa, na wanaweza kuanza upya.

Gray alipewa Tuzo ya Turing, heshima kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta, mwaka 1998. Tarehe 28 Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake kwa mashua ya tanga, akielekea visiwa vya Farallon kuyamwaga majivu ya mama yake. Hakurudi. Walinzi wa pwani walimtafuta, wenzake wa fani wakawaandaa watu wengi kukagua picha za setilaiti, na hakikuonekana hata kipande cha mashua. Watu wa pwani hii wanaujua msiba wa namna hiyo. Tunapopokea ujumbe unaosema muamala umethibitishwa, tunakula matunda ya kazi yake.

Hata hivyo ulinzi huo ulichelewa kufika kila mahali. MySQL, kanzidata ya bure iliyotoka mwaka 1995 na kubeba tovuti nyingi za gharama nafuu, kwa miaka mingi ilikuja na mfumo wa kuhifadhi uitwao MyISAM, ambao haukujua miamala kabisa. Ni katika toleo la 5.5, mwaka 2010, ndipo InnoDB, unaoijua miamala, ulipofanywa kuwa chaguo la kawaida. Majedwali ya zamani hayakubadilika yenyewe. Anayerithi leo mfumo mkongwe wa shule, SACCOS au ghala la korosho aanze kwa kuangalia hilo, kabla hajagusa rangi ya kitufe chochote.

Kiti kimoja, abiria wawili

Kukatika kwa umeme ndilo jambo rahisi. Gumu ni watu wawili kufika kwa wakati mmoja.

Tuseme basi la kesho alfajiri kutoka Kilwa Masoko kwenda Dar es Salaam limebakiwa na kiti kimoja. Wakala aliyeko Masoko na mwenzake aliyeko Nangurukuru wanafungua mfumo mmoja wa tiketi kwa sekunde ileile. Kila mmoja anauliza: kiti cha 14 kimeuzwa? Kila mmoja anajibiwa: bado. Kila mmoja anauza. Ukiutazama kila muamala peke yake, umekamilika barabara. Nauli imelipwa, tiketi imetoka. Alfajiri watu wawili wanakutana mlangoni mwa basi, kila mmoja na tiketi halali ya kiti cha 14.

Wengi hushangaa hapa, maana wamekariri kwamba muamala hauingiliwi na mwingine. Ukweli ni kwamba utengano huo una viwango, na kanzidata hazianzii kiwango cha juu. PostgreSQL, isipoambiwa vinginevyo, huruhusu kila amri ione yale yaliyokwisha kuthibitishwa amri hiyo inapoanza. InnoDB humpa muamala picha moja ya taarifa tangu usomaji wake wa kwanza. Zote mbili, zikiachwa hivyohivyo, zinaweza kukiuza kiti cha 14 mara mbili. Kipo kiwango kikali zaidi, kinachohakikisha matokeo yawe kama miamala ilipangwa foleni ukafanyika mmoja baada ya mwingine. Gharama yake ni kwamba kanzidata itaikataa baadhi ya miamala, na programu lazima iwe tayari kuirudia.

Hapo ndipo kambi zinapozaliwa. Wapo wanaosema: funga mstari wa kiti kwa kufuli unapousoma, wa pili asubiri. Ni sawa, lakini kufuli zina hatari yake. Ni kama wavuvi wawili wanaotaka kuvuka, mmoja ameshika kasia na mwingine upondo, kila mmoja anangoja mwenzake aachie kwanza. Kanzidata nzuri huitambua hali hiyo na kuusitisha muamala mmojawapo, ila mwandika programu makini huiepuka mapema kwa kuhakikisha kila sehemu ya programu inafunga vitu kwa mpangilio uleule. Wapo wanaosema: tumia kiwango kikali, ulipe gharama yake. Na wapo wanaosema: iwekee kanzidata yenyewe kanuni kwamba basi hili, tarehe hii, kiti hiki kiandikwe mara moja tu, na andiko la pili likataliwe.

Mimi nipo na kambi ya tatu, popote kanuni inapoweza kuandikwa hivyo. Programu huandikwa upya, watu huhama kazi, wakala mpya huja na mfumo wake wa simu na kuuunganisha. Kanuni iliyowekwa ndani ya kanzidata humkuta kila anayepita, mgeni na mwenyeji. Iliyowekwa kwenye programu moja humkuta anayepitia programu hiyo tu.

Mitandao miwili, madaftari mawili

Mpaka hapa tumezungumza kama daftari ni moja. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania kupitia Vodacom mwaka 2008, mtumaji na mpokeaji walikuwa katika daftari la kampuni moja. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ikajenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaoziunganisha benki na kampuni za simu. Kwa mwananchi ni neema kubwa, maana zamani mtu alibeba laini tatu ili aweze kulipwa na kila mtu. Kwa mwandika programu ni mlima mpya: pesa inatoka katika daftari la kampuni moja na kuingia katika la kampuni nyingine, na katikati kuna mtandao.

Mtandao una tabia moja inayosumbua kuliko zote. Ukituma ombi na jibu lisirudi, huwezi kujua kama ombi ndilo lililopotea, au lilifika, likatekelezwa, na jibu ndilo likapotelea njiani. Jim Gray alilieleza tatizo hili mwaka 1978 kwa kisa cha majenerali wawili walioko kwenye vilima viwili, wanaotaka kushambulia kwa pamoja na wanaotegemea wajumbe wanaoweza kukamatwa bondeni. Hata wakitumiana wajumbe mia moja, aliyetuma wa mwisho hatakuwa na hakika kwamba amefika. Imethibitishwa kwa hesabu kwamba hakuna idadi ya wajumbe inayotosha.

Dawa ya kwanza iliyobuniwa ni kuwa na mratibu anayeuliza pande zote: uko tayari? Kila upande unaandika ahadi yake na kujibu. Wote wakisema ndiyo, mratibu anaamuru wathibitishe. Udhaifu wake ni kwamba mratibu akizimika baada ya ahadi na kabla ya amri, pande zote hubaki zimeshika kufuli, hazijui ziende wapi. Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walipendekeza njia nyingine kwa muamala mrefu: ugawe katika miamala midogo inayojitosheleza, na kila mmoja uwe na muamala wa kuutengua. Pesa ikitoka upande mmoja ikashindwa kuingia upande wa pili, mfumo unaandika muamala mpya wa kurudisha. Katikati ya hayo mawili kuna muda ambao pesa haiko kwa abiria wala kwa nahodha. Imewekwa katika akaunti ya kati, na ndiyo hiyo watu husema imening'inia.

Kwa hiyo kuning'inia kwenyewe si wizi, wala si lazima kuwe uzembe. Uzembe huanza pale mfumo unaposhindwa kusema pesa iko wapi.

Nirudi kwenye maneno "jaribu tena baadaye". Kwa abiria ambaye pesa yake imeshatoka, ushauri huo unaweza kumlipisha mara mbili. Programu iliyoandikwa kwa adabu huliwekea kila ombi namba yake ya pekee tangu mwanzo, na hiyo namba hubaki ileile ombi linaporudiwa. Seva ikiona namba iliyokwisha kuitekeleza, hairudii kazi; inatoa jibu lilelile la kwanza. Hapo mtu anaweza kubofya mara kumi kwa hasira na nauli ikatoka mara moja. Kama kinga hiyo haipo, kumwambia mtu ajaribu tena ni kumtegea. Ujumbe wa haki ungesema mojawapo kati ya haya matatu: pesa haijatoka; pesa imetoka na imefika; pesa imetoka, haijafika, na itarudi kufikia muda fulani. Hilo la tatu linatuliza nyoyo kuliko samahani zote.

Na hitilafu za mtandao si jambo la nadra katika pwani hii. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliipiga Mafia na pwani ya jirani, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, ndani ya Wilaya ya Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huohuo, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Katika muda usiofika wiki mbili, watu wa Kilwa walikosa njia ya gari na njia ya data. Mwandika programu anayejenga kwa dhana kwamba mtandao upo siku zote anajenga kwa ajili ya mji mwingine.

Kusaka hitilafu

Wanaposimuliana jinsi wanavyosaka hitilafu, waandika programu hugawanyika mara moja. Mmoja anajaza msimbo wake amri za kuchapisha thamani kila hatua. Mwingine anamcheka, anatumia chombo cha kusimamisha programu na kukagua mstari kwa mstari. Wa tatu hafungui chochote mpaka amesoma kumbukumbu za seva. Zote ni njia halali, na kinachotofautisha fundi na mbahatishaji kiko kwingine. Fundi huusoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho. Hutafuta namna ya kulifanya kosa litokee tena kwa makusudi. Hugawa eneo la mashaka nusu kwa nusu mpaka kosa limebanwa pembeni. Hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akishalipata, huandika jaribio litakalopiga kelele kosa hilo likirudi.

Muhimu zaidi, fundi anayajua makosa ya mahali pake. Vitabu vingi vya fani huandikwa California au Ulaya, na havina sababu ya kutaja saa zetu. Nahodha akisema boti inaondoka saa 2, anamaanisha saa mbili asubuhi, ambayo kompyuta inaiita 08:00. Mfumo wa tiketi unaopokea "2" bila kuuliza utampeleka mtalii gatini usiku wa manane. Tena Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ambayo seva nyingi huitumia. Malipo yaliyofanywa saa nane usiku kwa saa zetu huandikwa kuwa ni ya saa 23:00 ya jana, na mhasibu anayefunga hesabu za siku atakuta zimepishana, asijue kwa nini.

Namba za simu nazo zina mitego. Namba ya mtu mmoja huandikwa ikianza na 0 kwenye jedwali moja na 255 kwenye jingine, na mfumo ukadhani ni watu wawili, kila mmoja na salio lake. Kulikuwa pia na viwango vya tozo ya miamala: vilianza Julai 2021, vikapunguzwa mwaka huohuo, vikapunguzwa tena mwaka 2022. Programu inayohifadhi kiwango kimoja tu, cha mwisho, ikiombwa taarifa ya Agosti 2021 itatoa jibu la uongo kwa uso mkavu. Kiwango lazima kihifadhiwe pamoja na tarehe zake za kuanza na kuisha. Makosa ya namna hii hayazuiliwi na chombo ghali. Yanazuiliwa na mtu anayeujua mji anaoutumikia.

Ugomvi wa lugha

Lugha za kuprogramu ndizo zenye mashabiki, na ushabiki wake unakaribia ule wa Simba na Yanga. Python ilitoka mwaka 1991, na Java, PHP na JavaScript zote zilitangazwa mwaka 1995. PHP ilienea kwa kuwa kuikodia nafasi kwenye seva kulikuwa rahisi na nafuu. Kijana aliweza kuiweka tovuti ya duka hewani kwa pesa kidogo. Java ilishika vyuo na taasisi. DHIS2, mfumo unaotumika Tanzania kukusanya taarifa za vituo vya afya, uliojengwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo kwa ushirikiano na taasisi za nchi nyingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umeandikwa kwa Java na hutunza taarifa zake katika PostgreSQL. Python imewavuta wengi kwa wepesi wa kuisoma. JavaScript haikwepeki kwa kila anayegusa kivinjari.

Lugha ina uzito wake, na asiyekubali hilo hajawahi kukarabati msimbo wa mwenzake. Lugha inayokagua aina za thamani kabla programu haijaanza kukimbia itakuzuia kuweka jina mahali pa shilingi. JavaScript huhifadhi namba zake za kawaida kwa mfumo wa nukta inayoelea, ambamo 0.1 na 0.2 zikijumlishwa hazitoi 0.3 kamili, na anayehesabu pesa lazima alijue hilo. Sisi tuna nafuu, kwa kuwa shilingi yetu haina tena senti mkononi mwa mtu, na namba nzima zinatosha kwa malipo mengi. Tatizo linabaki kwenye asilimia za ada na tozo, ambapo mtu lazima aamue sehemu ya shilingi inakwenda kwa nani, na aamue mara moja kwa mfumo mzima.

Lakini chukua kile kiti cha 14. Kinaweza kuuzwa mara mbili kwa Java, kwa PHP, kwa Python, na kwa lugha ambayo bado haijabuniwa. Ombi lisilo na namba ya pekee litamlipisha mtu mara mbili kwa lugha yoyote. Kijana anayebadilisha lugha kila mwaka huku hajui kanzidata yake inafanya kazi katika kiwango gani cha utengano amehamisha fanicha, msingi wa nyumba ameuacha na ufa.

Somo la 1974

Taifa hili limewahi kulipa gharama ya madaftari ya kompyuta yasiyoaminika. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine, wataalamu wakiwa wachache, kazi ilikwama na ikabidi kurudi kwenye hesabu za mkono. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi milango kufunguka tena. Mashine hazikuwa na kosa la kuwa mashine. Watu walikosa sababu ya kuziamini, na imani ikishatoka katika hesabu, hata hesabu sahihi haisikilizwi.

Leo hali ni tofauti, ila hitaji la imani ni lilelile. Kodi na ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo. Mkulima wa ufuta, mvuvi wa pweza na mwalimu wa Kilwa Kivinje wote wanapitisha riziki zao kwenye madaftari wasiyoyaona. Gesi inayotoka Songo Songo, kisiwa cha wilaya hii, imekuwa ikizungusha mitambo ya umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004, kwa hiyo hata moto unaoziwasha kompyuta hizo kwa sehemu umetoka Kilwa. Watu hawa wanastahili madaftari yanayofanana na mchango wao.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa kwa uzito. Kwa walimu wa vyuo vyetu: mwanafunzi asifaulu somo la kanzidata kwa kutaja sifa nne tu. Mpeni mfumo mdogo wa kutuma pesa, izimeni seva katikati ya miamala elfu moja, iwasheni, mjumlishe masalio yote. Jumla ikiwa tofauti na ya mwanzo hata kwa shilingi moja, arudi mezani. Kwa kampuni za malipo: ondoeni ujumbe unaomwambia mtu ajaribu tena bila kumwambia pesa yake iko wapi, na muandike kwa Kiswahili ambacho mama muuza samaki atakielewa bila kuuliza. Kwa waandika programu wenyewe: bishaneni juu ya lugha mpendavyo, lakini anzeni mabishano kwenye muamala, na mbishane kwa Kiswahili, ili anayelipa naye aweze kuingia barazani.

Na kwa wanaosimamia sekta hii: pesa inapotoka bila kufika, aliyekatwa asibebeshwe mzigo wa kuthibitisha. Hana kumbukumbu ya seva, hana mratibu, hana diski. Ana ujumbe mmoja wa simu. Anayemiliki daftari ndiye mwenye uwezo wa kuonyesha kila andiko lilikwenda wapi, na yeye ndiye wa kuanza kueleza.